Kidonda Hakitaki Kukauka

Mada ya leo ni vidonda, na hasa kile kinachowekwa juu ya kidonda kikishasafishwa.

Tuanze na swali. Mtoto akianguka akachubuka goti, anaambiwa nini nyumbani? Anaambiwa akiache wazi, kipigwe na upepo, kikauke. Kigaga kikishafanya, watu wanatulia: kidonda kinapona hicho. Ushauri huu umetolewa na akina bibi, umetolewa na walimu shuleni, na kwa miaka mingi umetolewa hata hospitalini. Je, ni kweli kwamba kidonda kikavu hupona upesi?

Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alichapisha jibu lake katika jarida la Nature. Alifanya kazi na nguruwe wachanga, kwa sababu ngozi ya nguruwe inakaribiana sana na ngozi ya binadamu. Aliwatia vijeraha vidogo vya juu juu. Vingine akaviacha wazi vikauke, vingine akavifunika kwa plastiki nyembamba ili unyevu usipotee. Vile vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi ya takriban mara mbili ya vile vilivyoachwa hewani. Mwaka uliofuata, 1963, Hinman na Maibach walijaribu jambo hilohilo kwa watu, nao wakaona kwamba jeraha lililofunikwa linaota ngozi mapema kuliko lililoachwa wazi.

Sababu ni nini? Ngozi mpya haidondoki kutoka juu. Inatoka pembeni mwa kidonda na kwenye mashina ya vinyweleo vilivyosalia. Seli za ngozi zinatambaa, moja baada ya nyingine, mpaka zikutane katikati, na ili zitambae zinahitaji njia yenye unyevu. Kidonda kikikauka, kigaga kinaziba njia. Seli zinalazimika kushuka chini ya kigaga, zitafute mahali penye majimaji, zipenye hapo taratibu. Kigaga tunachokifurahia ndicho kinachozichelewesha.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya jioni hii: kidonda hakitaki kukauka. Tuongeze papo hapo nusu yake ya pili, ili mtu asije akaenda kuloweka mguu kwenye beseni: kidonda hakitaki kurowa pia. Kinataka unyevu wa kadiri, usiku na mchana, huku vijidudu vikibaki nje. Kulisema hilo ni rahisi. Kulifanya ndiyo kazi.

Sasa sogea karibu kidogo, msikilizaji, tuingie chumba cha kufungia vidonda. Mtoto ameungua mkono kwa chai, na jana alifungwa kwa gozi kavu na bandeji. Leo ni siku ya kubadilisha. Bandeji inatoka bila tabu. Gozi haitoki. Usiku kucha majimaji ya kidonda yameingia kwenye nyuzi zake, yakakauka humo, na sasa gozi na mkono vimekuwa kitu kimoja. Muuguzi anamwagia maji ya chumvi ya hospitali, anasubiri, anainua pembe moja kwa koleo. Mtoto anapiga kelele. Muuguzi anaongeza maji, anasubiri tena, lakini nje kuna foleni. Mwishowe gozi inatoka, na pale ilipokuwa panaonekana vidoa vyekundu vidogo vidogo vinavyochuruzika damu.

Vidoa vile ni nini? Ni mishipa midogo mipya, iliyoota usiku ule. Nyama changa iliyojengwa kwa saa ishirini na nne imeng'olewa kwa dakika moja. Kesho mwili utaanza upya, na kesho kutwa gozi nyingine itang'oa tena. Muuguzi hana kosa hapo; anafanya kazi na kifaa alichopewa. Kosa ni la kifaa.

Hapo ndipo inapoingia haidrojeli. Jina linaweza kuwa geni, lakini kitu chenyewe kimo majumbani. Chukua nepi ya mtoto, zile za kutumia mara moja na kutupa. Ichane katikati. Ndani utakuta punje ndogo nyeupe zilizochanganyika na pamba. Zimwagie maji. Baada ya muda mfupi hakuna maji yanayotiririka tena. Kuna rojorojo laini, na ukilibonyeza kwa kidole maji hayatoki. Hiyo ni haidrojeli.

Inafanyaje kazi? Fikiria jarife la mvuvi. Ndani ya jeli kuna nyuzi ndefu sana zisizoonekana kwa macho, ziitwazo polima, nazo zimefungana huku na kule kwa mafundo. Tofauti ni kwamba nyuzi hizi zinapenda maji, na kinachonaswa katika matundu yake ni maji yenyewe. Katika jeli nyingi za vidonda sehemu kubwa ya uzito ni maji, na katika baadhi yanazidi asilimia 90. Ukiweka jeli ya namna hiyo juu ya kidonda kikavu, inakipa unyevu. Ikikutana na majimaji ya kidonda, inaweza kuyanyonya kwa kiasi. Juu ya mahali palipoungua inaleta ubaridi na maumivu yanapungua. Kwa kuwa haikauki ikagandamana na nyama, siku ya kubadilisha inaondolewa bila kung'oa kilichoota.

Hayo si mambo ya jana. Mwaka 1960, mjini Prague, Otto Wichterle na Drahoslav Lím walitangaza jeli za maji zilizokusudiwa kutumika mwilini. Krismasi ya mwaka 1961 Wichterle alikuwa nyumbani kwake akitengeneza lenzi laini za kuvaa jichoni, kwa kimashine alichokiunda kwa vyuma vya kuchezea vya watoto na dainamo ya baiskeli. Dunia ikapata lenzi laini. Vidonda vilingoja zaidi.

Na waliovifikia vizuri, kwa maoni ya mazungumzo haya, ni watu wa mji wa Łódź, nchini Polandi. Katika miaka ya 1980 Janusz Rosiak na wenzake walikuja na njia inayostahili kusimuliwa polepole, kwa sababu uzuri wake uko katika urahisi wake. Walichukua vitu vinne. Cha kwanza ni polima iitwayo polivinilipirolidoni, ambayo ilishawahi kuingizwa mwilini kama kimiminika cha kuongezea ujazo wa damu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Cha pili ni polietilini glikoli, ya kuifanya jeli iwe laini. Cha tatu ni agari, inayotoka kwenye mwani. Cha nne, na ndicho kingi kuliko vyote, ni maji.

Mchanganyiko unapashwa moto, unamiminwa ukiwa wa moto kwenye vifuko au visahani vya plastiki, unaachwa upoe. Agari inaugandisha, ukawa bapa laini la unene wa milimita chache. Kifuko kinafungwa kabisa. Kisha kinapitishwa, kikiwa kimeshafungwa, chini ya mashine inayorusha elektroni. Mionzi ile inafanya kazi mbili kwa mpigo: inafunga mafundo kati ya polima, na inaua kila kijidudu kilichomo ndani ya kifuko. Hakuna kemikali ya kufungia polima iliyoongezwa, kwa hiyo hakuna ya kubaki. Kinachotoka upande wa pili ni kifungio cha kidonda kilicho tayari, kisafi, na kinachopitisha nuru: muuguzi anaweza kutazama kidonda kinavyoendelea bila kukifungua.

Huenda kuna msikilizaji anauliza: je, jeli hiyo inabaki na mionzi? Hapana. Mionzi inapita, inafanya kazi yake, inaondoka. Sindano na glovu nyingi zinazotumika hospitalini husafishwa kwa mionzi vilevile.

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki liliipenda njia hii na likasaidia kuifikisha nchi nyingine. Tutairudia baadaye, kwa sababu ina habari inayotugusa sisi wa pwani.

Mpaka hapa tumezungumzia jeli inayofanya kazi moja kwa uaminifu: kutunza unyevu na kutoka bila kuumiza. Lakini katika maabara za dunia watafiti wameuliza swali jingine. Ikiwa jeli inakaa juu ya kidonda siku mbili, tatu, tano, kwa nini isifanye kazi nyingine ikiwa papo hapo? Kwa nini isizuie damu, isiue bakteria, isitoe dawa, isivute kidonda kifunge?

Tuanze na damu. Kwenye magamba ya kamba na kaa kunatolewa kitu kiitwacho kitosani. Kina chaji chanya ya umeme, na chembe nyekundu za damu zina chaji hasi. Vikikutana vinashikamana, na damu inaganda hata pale mfumo wa mwili wa kugandisha unaposuasua. Jeshi la Marekani lilianza kuwapa askari wake bandeji za kitosani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo kitosani ni moja ya malighafi zinazopendwa sana na watengenezaji wa haidrojeli, maana pamoja na kuzuia damu inawasumbua bakteria.

Kuhusu bakteria, silaha ya zamani ni madini ya fedha. Krimu ya fedha na dawa ya salfa inayopakwa wagonjwa walioungua imekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na wauguzi wengi wanaosikiliza sasa hivi wameipaka kwa mikono yao. Jeli za sasa zinabeba chembechembe za fedha ndani yake na kuziachia kidogo kidogo. Nyingine zinabeba asali, ambayo Wamisri wa kale waliandika kuhusu matumizi yake kwenye majeraha. Asali ina asidi, ina maji machache, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda inatoa kiasi kidogo cha haidrojeni peroksaidi. Bakteria hawalipendi hata moja kati ya hayo. Lakini asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi kwanza. Ya chupa ya sokoni inaweza kuwa na mbegu za vijidudu, kwa hiyo ibaki kwenye chai.

Sasa kunata. Kifungio cha kawaida kikirowa damu au jasho kinabanduka. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiwemo Jianyu Li na David Mooney, walitangaza jeli inayonata hata kwenye damu. Waliiga nini? Waliiga konokono mmoja asiye na gamba, aitwaye kitaalamu Arion subfuscus, ambaye akitishwa hutoa ute unaomgandisha pale alipo, hata pakiwa na majimaji. Jeli yao ina tabaka linalong'ang'ania nyama na tabaka jingine linaloweza kuvutwa sana bila kukatika. Waliibandika kwenye moyo wa nguruwe, moyo wenye damu na unaopiga, na ikashika.

Miaka miwili baadaye, 2019, kundi hilohilo likaongeza jambo. Waliweka ndani ya jeli polima inayonywea ikipata joto la ngozi. Ukiibandika, inapata joto, inajikunyata, na kwa kuwa imenata pande zote inavuta kingo za kidonda zikaribiane. Ngozi ya mtoto aliye tumboni mwa mama hujifunga kwa mvuto wa namna hiyo, na huko ndiko walikochukua wazo. Kwa panya, majeraha yaliyofungwa hivyo yalifunga upesi zaidi.

Nchini China, mjini Xi'an, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jiaotong walionyesha mwaka 2017 jeli ya kitosani inayoingizwa kwa sindano ikiwa laini, ikajaza kidonda chenye umbo lolote, ikaua bakteria, na ikipasuka inajiunga yenyewe. Hilo la kujiunga si la kifahari. Fikiria kidonda cha gotini au kiwikoni: mtu anakunja, ananyoosha, kifungio kinapasuka, na mlango wa vijidudu unafunguka.

Zipo na jeli zinazobadilika rangi. Ngozi nzima ina asidi kidogo. Kidonda sugu, hasa chenye maambukizi, huelekea upande wa alkali. Ukitia rangi inayohisi tofauti hiyo, muuguzi anaona mabadiliko kabla usaha haujaanza kunuka. Hiyo bado ni kazi ya maabara zaidi kuliko ya wodi, lakini inaeleweka mtu anaitafutia nini.

Sasa tusimame kidogo, maana orodha hii inaweza kumpumbaza mtu akadhani kwamba kazi zikiwa nyingi jeli inakuwa bora. Sivyo. Kazi zinagombana. Fedha inayoua bakteria ikizidi inaziumiza seli changa za ngozi, zilezile zinazotambaa kutoka pembeni. Jeli inayonata sana inashika vizuri, lakini tumerudi kwa yule mtoto aliyeungua kwa chai: nani ataibandua bila kumliza? Kila kitu kinachoongezwa kinahitaji kuthibitishwa usalama wake, kinapandisha bei, na mara nyingi kinahitaji jokofu. Jeli nyingi za ajabu zimeponya panya tu. Ngozi ya panya hufunga jeraha hasa kwa kujivuta, ya binadamu hutegemea zaidi kuota upya, na kwa hiyo ushindi kwa panya hauhamii moja kwa moja kwa mtu.

Basi kazi ipi ni ya kwanza? Msimamo wa mazungumzo haya ni huu: kazi ya kwanza ya kifungio ni kutong'oa. Ya pili ni kukaa siku kadhaa bila kubadilishwa. Ya tatu ni kuhimili kabati la zahanati lisilo na jokofu, kwenye joto la Tanga au la Mombasa. Jeli inayofanya hayo matatu, hata kama haibadiliki rangi wala haijiungi, ina thamani kubwa kwa mgonjwa kuliko ile yenye miujiza saba iliyofungiwa kwenye maabara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao ndio wa kufikiriwa kwanza.

Watu wa nchi hizo hawajakaa wakisubiri. Katika hospitali kuu ya Banjul, nchini Gambia, iliripotiwa mwaka 1999 kwamba watoto walioungua walifungwa vidonda kwa papai lililopondwa, likibadilishwa kila siku. Papai lina kimeng'enya kinacholegeza nyama iliyokufa, ikatoka bila kisu. Huko Fortaleza, Brazili, madaktari wamefunga walioungua kwa ngozi ya perege iliyosafishwa, yenye kolajeni nyingi. Inashika kwenye kidonda, inatunza unyevu, inakaa siku nyingi, na mgonjwa anaepuka yale mateso ya kubadilishiwa kila mara. Ni ngozi ya samaki yuleyule ambaye hapa tukishamla tunatupa ngozi na magamba. Lakini sikilizeni vizuri: hayo yalifanywa hospitalini, chini ya madaktari. Nyumbani, mtu akiungua, weka mahali hapo chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha nenda hospitali. Usipake dawa ya meno. Usipake yai, majivu wala mafuta.

Kuna kundi jingine la wagonjwa ambalo haifai kulisahau: wenye kisukari. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua neva za miguu. Mguu hausikii msumari, hausikii kokoto kwenye kiatu. Jijini Dar es Salaam, Profesa Zulfiqarali Abbas, ambaye amefanya kazi miaka mingi na miguu ya wagonjwa wa kisukari, aliandika pamoja na wenzake kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasisikie, wakaamka asubuhi na jeraha. Jeraha la namna hiyo likipuuzwa linageuka donda ndugu, na donda ndugu linaweza kuishia kwenye msumeno wa daktari.

Haidrojeli inamsaidiaje mtu huyo? Mwaka 2013 wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio na kuyapima kwa makini, walipitia majaribio yaliyokuwepo juu ya miguu ya wenye kisukari. Walikuta dalili kwamba haidrojeli inaponya vidonda visivyo na kina kirefu vizuri kuliko vifungio vya kawaida, huku wakionya kwamba majaribio yenyewe yalikuwa machache na si imara sana. Nyama iliyokufa ikipata unyevu inalainika, na mwili wenyewe unaimeng'enya na kuiachia. Hiyo ni faida kubwa. Lakini jeli haitashusha sukari. Haitafungua mshipa wa damu ulioziba. Haitamzuia mtu kukanyagia kidonda kilekile kila siku. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapa Tanzania pamoja na India, ulifundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kukagua miguu, kusafisha vidonda mapema na kumwelekeza mgonjwa juu ya viatu. Kifungio kizuri kinakaa juu ya kazi hiyo. Hakikai mahali pake.

Na tena, kidonda kinachotoa majimaji mengi au usaha hakifai jeli iliyojaa maji. Ngozi ya pembeni itarowa, itageuka nyeupe, itaanza kumeguka. Kwa kidonda hicho muuguzi atachagua kitu kinachonyonya, kwa mfano vifungio vya alginati, vinavyotoka kwenye mwani wa kahawia, ambavyo huwekwa vikiwa nyuzi kavu na kugeuka jeli vikishanyonya. Kwa hiyo swali zuri la kumuuliza muuguzi si «Mna ile jeli?» Swali zuri ni «Kidonda changu leo ni kikavu au kinatoa maji mengi, na hiki unachoniwekea kinalingana nacho?»

Sasa turudi pwani, kama ilivyoahidiwa.

Mmeshasikia mwani ukitajwa mara mbili jioni hii. Zanzibar imelima mwani kibiashara tangu mwaka 1989, na wakulima walio wengi ni wanawake. Paje, Jambiani, Bwejuu: maji yakitoka wanashuka na kamba na mambo, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, wanarudi baada ya wiki kadhaa kuvuna. Aina mbili ndizo zinazojulikana sana, kotoni na spinosamu. Zote mbili zina karajinani, utomvu unaogandisha maji. Wa kotoni unatoa jeli ngumu ukikutana na potasiamu. Wa spinosamu unatoa jeli laini inayonesa ukikutana na kalsiamu. Kotoni ina bei nzuri, lakini bahari ikipata joto inakufa, na wanawake wengi wamebaki na spinosamu ya bei ya chini. Sehemu kubwa ya mwani huo inakaushwa, inatiwa kwenye magunia, inapanda meli.

Mbegu za kwanza za mwani wa biashara zilitoka wapi? Zilitoka Ufilipino. Na huko Ufilipino, Taasisi ya Utafiti wa Nyuklia ya nchi hiyo ilichukua karajinani ya mwani huohuo, ikaichanganya na polima ileile ya Łódź, ikaimimina kwenye vifuko, ikaipitisha kwenye mionzi, na kupata haidrojeli ya kufungia vidonda vya moto. Walifuata njia ya Rosiak, lakini mahali pa agari wakaweka kile kinachoota baharini kwao. Waliyachapisha matokeo yao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Si siri ya kiwanda.

Mbegu zilisafiri. Maarifa nayo yanaweza kusafiri.

Njia kati ya kamba ya Paje na chumba cha kufungia vidonda haiko wazi, na haitakuwa haki kumdanganya mkulima. Mwani wa kutengenezea sabuni, ambao akina mama wa Paje wameshaonyesha ustadi wake, hauhitaji usafi ule unaohitajika kwa kitu cha kugusa nyama mbichi. Panahitajika mtambo wa kuutoa utomvu na kuusafisha mpaka usibaki na chumvi zisizotakiwa wala mabaki ya viumbe. Panahitajika chanzo cha mionzi. Ghana inacho kituo chake tangu miaka ya 1990, na hapa Tanzania ipo Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo ndiyo ya kuulizwa kwanza. Panahitajika majaribio kwa wagonjwa, kwa idhini na uangalizi, na baada yake kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na upande wa Zanzibar Wakala wa Chakula na Dawa. Hakuna hata hatua moja katika hizo ambayo haijawahi kufanywa na nchi yenye uwezo wa kadiri.

Kinachohitajika kuanzia ni kidogo kuliko kinavyosikika: wakemia wachache, Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar iliyoujua mwani huu kwa miongo kadhaa, wodi moja ya walioungua iliyo tayari kushiriki, na mnunuzi wa serikali anayesema mapema kwamba kifungio kikifaulu atakinunua. Spinosamu, ile ya bei ya chini, ndiyo yenye utomvu laini unaonesa, na ulaini huo unafaa kuchunguzwa kwa kifungio cha gotini na kiwikoni. Mwanafunzi wa kemia anayesikiliza na anatafuta mada ya shahada ya uzamili, hapo ana swali ambalo majibu yake yataanza kupatikana kwenye maabara ya chuo, kwa kilo chache za mwani mkavu.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Wenye maswali juu ya vidonda vyao wasingoje kipindi kijacho. Zahanati iliyo karibu itakapofunguliwa kesho asubuhi, nendeni. Wenye kisukari, tazameni nyayo zenu usiku huu kabla ya kulala, na kama macho hayafiki, mwombeni mtu wa nyumbani awatazamie katikati ya vidole.